Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujatia Kitu Sikioni

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia sikio lililoziba. Nta huziba sikio, usaha huziba, mafua huziba, na hata mshipa wa kusikia ukipata hitilafu mwenye sikio husema vilevile kwamba limeziba. Dawa inayomfaa mmoja huweza kumuumiza mwingine, ndiyo maana tunarudia kuuliza: kilichoziba kiko wapi? Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa hiari yetu.

Kila nikitoka kuoga sikio la kulia linaziba, nasikia kama niko ndani ya mtungi. Nimezoea kusafisha kwa vijiti vya pamba kila siku lakini mara hii vimenishinda. Jirani kanishauri nitie haidrojeni peroksaidi. Nitie kiasi gani?
*Mstaafu, Tanga*

Mzee wetu, shikamoo. Maelezo yako yanaelekea kwenye nta. Nta inaweza kujaa karibu mfereji mzima na mtu akaendelea kusikia vizuri, mradi ibaki nafasi ndogo ya kupitisha sauti. Maji ya kuoga yakiingia, nta inafyonza, inavimba, na nafasi ile inafunga. Ndiyo maana mtu huingia bafuni mzima akatoka kiziwi wa sikio moja.

Vijiti vya pamba ndivyo tunavyovishuku. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, na nta hutengenezwa kwenye theluthi ya nje tu, pale penye vinyweleo. Ngozi ya mfereji huota ikisogea kutoka kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba inayotenga mfereji na sikio la kati, kuja nje, nayo hubeba nta. Taya likitafuna huisaidia. Kwa hiyo nta inayokutwa imeganda karibu na kiwambo, mara nyingi imesukumwa huko. Kijiti hutoka na rangi ya kahawia, mtu akaridhika, kumbe sehemu kubwa ameishindilia. Huko ndani ngozi ni nyembamba mno na imelalia mfupa. Ukiikwaruza umefungua mlango wa uvimbe na fangasi. Unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, pini ya nywele na njiti ya kiberiti vyote viko kwenye kundi hilohilo.

Kabla ya tone lolote jiulize: sikio hili limewahi kutoa usaha? Limewahi kufanyiwa upasuaji, au daktari aliwahi kusema kiwambo kina tundu? Sasa hivi linauma, linatoa majimaji au damu? Ukijibu ndiyo hata mara moja, usitie kitu; nenda ukaangaliwe. Ukijibu hapana kote, mafuta ya zeituni yanatosha kuanzia.

Shika chupa kiganjani dakika chache mpaka mafuta yapate joto la mwili. Usiyapashe jikoni. Lala ubavu, sikio lililoziba likiwa juu, livute kuelekea juu na nyuma ili mfereji unyooke, kisha dondosha matone 2 au 3. Bonyezabonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio ili mafuta yashuke, halafu baki umelala dakika 5 hadi 10. Ukiinuka, futa yanayotiririka na usizibe kwa pamba, kwani pamba itayafyonza yote. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 7. Siku za mwanzo unaweza kusikia vibaya zaidi kuliko ulivyoanza, kwa sababu nta inalainika na kutanuka kabla ya kutoka. Wengi huacha hapohapo wakidhani dawa imewaharibu.

Peroksaidi ya asilimia 3 nayo hulainisha, ila povu lake huwasha ngozi ya wengine, na kwenye kiwambo chenye tundu ni hatari. Matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 kutoka famasi pia ni mazuri. Tukisema ukweli, hakuna tone lililothibitishwa wazi kuwa bora kuliko mengine. Mafuta yanapendwa kwa sababu hayawashi. Lakini tafadhali, asije mtu akakoroga magadi ya kupikia maharage akayaita baikaboneti. Magadi yana ukali wa kuunguza ngozi.

Wiki ikipita bila nafuu, nenda hospitali ukatolewe nta. Wapo wanaotumia kifaa cha kunyonya, wapo wanaotumia kijiko chembamba, na wengi huosha kwa maji. Wakiosha, maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37. Yakiwa baridi au moto kuliko hapo, sikio la ndani, ambalo pia hushika mizani ya mwili, hutikisika na chumba kizima kikaanza kuzunguka. Maji yaelekezwe kwenye ukuta wa juu na nyuma wa mfereji, yasipige kiwambo moja kwa moja. Ukisikia maumivu au kizunguzungu, sema hapohapo wasimamishe. Bomba kubwa la chuma bado linaonekana kwenye baadhi ya zahanati. Mkono ndio unaoamua nguvu ya maji, na limepasua viwambo vya kutosha. Una haki ya kulikataa.

Kama una kisukari, mwambie anayekuhudumia kabla hajaanza. Maji yanayobaki kwenye mfereji wa mwenye kisukari yanaweza kuleta maambukizi yanayopenya hadi kwenye mfupa. Na mwenye sikio moja tu linalosikia asioshwe kwa maji kabisa. Achague kunyonywa kwa kifaa.

Jumatatu niliamka sikio la kushoto halisikii, na ndani kuna mlio mwembamba usiokoma. Haliumi. Kemisti alinipa matone ya kulainisha nta, leo ni siku ya nne na sioni tofauti. Niendelee hadi wiki iishe?
*Mwalimu, Eldoret*

Usiendelee. Weka gazeti chini uende leo, tena hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo kama unaweza kufika.

Kwanza jipime hapo ulipo. Funga mdomo uvume kwa sauti nzito, "mmmm", ukisikiliza sauti inaelekea upande gani. Kama sikio limezibwa na nta au maji, mvumo utasikika zaidi upande uleule ulioziba. Kama hitilafu iko kwenye sikio la ndani au mshipa, mvumo utahamia upande mzima. Daktari hufanya kipimo hichohicho kwa uma wa chuma unaotetema mara 512 kwa sekunde, anaoukita katikati ya paji la uso. Cha nyumbani hakitoshi kumpa mtu dawa, lakini kinatosha kumtoa kwenye foleni ya matone ya nta.

Usikivu uliopotea ndani ya siku 3 au pungufu, sikio moja, bila maumivu, bila nta, huhesabiwa kuwa dharura. Mara nyingi chanzo hakipatikani. Tiba inayotumika ni vidonge vya prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kawaida hadi miligramu 60 kwa siku kwa wiki moja au mbili, kisha hupunguzwa taratibu. Wakati mwingine dawa ya jamii hiyo huchomwa kupitia kiwambo. Faida yake kubwa iko kwenye wiki 2 za kwanza, na baada ya wiki 6 haitarajiwi kitu kikubwa. Baadhi ya watu hurejewa na usikivu hata bila dawa, na hapo ndipo penye mtego, maana kila mtaa una mtu wa kukwambia "hata mimi lilijifungua lenyewe". Usinunue vidonge hivyo mwenyewe. Hupandisha sukari na presha na huchokoza vidonda vya tumbo, kwa hiyo vinahitaji mtu wa kukupima.

Ukifika dirishani usiseme "sikio limeziba", utaandikiwa matone mengine. Sema: "Usikivu wa sikio la kushoto umepotea ghafla, leo siku ya nne, na kuna mlio." Omba waangalie ndani ya sikio na wakupime usikivu kwa mashine. Na kama pamoja na uziwi huo mdomo umepinda, mkono au mguu umekosa nguvu, au ulimi ni mzito, hiyo yaweza kuwa kiharusi. Hapo ni idara ya dharura moja kwa moja.

Mwanangu wa miaka 4 anatoa usaha sikio la kushoto, huu mwezi wa pili. Homa hana, anacheza vizuri. Bibi yake anasema tutie maziwa ya mama, shemeji anasema mafuta ya taa. Vidonge vya antibayotiki amemaliza dozi mbili.
*Mama, Kigoma*

Mama, bibi anampenda mjukuu wake lakini maziwa ni chakula cha vijidudu vilevile vilivyomo humo. Mafuta ya taa yanaunguza. Usaha uliopita siku 14 una maana kiwambo kimetoboka, na chochote unachomimina kinaingia hadi sikio la kati.

Vidonge havijafanya kazi kwa sababu dawa ya damuni haifiki vizuri kwenye sikio la namna hii. Kinachofanya kazi ni kukausha, halafu matone, kwa mpangilio huo. Matone yakitiwa juu ya usaha huelea tu na kutoka nao.

Kukausha kunafanywa kwa utambi. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, au karatasi ya tishu iliyo laini lakini imara. Ile nyepesi ya chooni hukatikia ndani. Kijiti cha pamba hapana. Nawa mikono, sokota kipande kiwe na ncha, mpakate mtoto kichwa kikiwa kimetulia, ingiza ncha taratibu mpaka iguse unyevu, iache kidogo, itoe. Itatoka imelowa. Tupa, sokota nyingine. Endelea hivyo mpaka utambi utoke mkavu, hata kama ni tambi tano au sita. Fanya mara 3 kwa siku. Siku za kwanza kazi ni ndefu na mtoto atakereka. Kufikia siku ya tano au sita utaona tambi zinapungua.

Baada ya kila kukausha tia matone ya ciprofloxacin ya masikio kwa idadi utakayoandikiwa, bonyezabonyeza kinundu cha mbele ya sikio, mtoto abaki amelala dakika chache. Dozi ni wiki 2 kamili, hata usaha ukikoma mapema. Soma chupa kabla ya kulipa: matone yenye gentamicin au neomycin yaepukwe kwenye kiwambo kilichotoboka, kwani yanaweza kudhuru sikio la ndani. Na hakikisha pameandikwa kwamba ni ya masikio au ya macho na masikio.

Maji yasiingie. Wakati wa kuoga weka pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio, kisha iondoe mara tu akimaliza. Kuogelea ziwani kungoje. Usiache pamba humo kutwa nzima ukidhani unazuia usaha, unaufungia.

Mkimbize hospitali siku hiyohiyo ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio lililosukumwa mbele, kutapika na kichwa kuuma, shingo kukaza, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja. Na kama baada ya wiki 2 za kukausha kwa uaminifu usaha unaendelea, hasa ukiwa na harufu mbaya, aonwe na daktari wa masikio. Kuna hali ambapo ngozi huota ndani ya sikio la kati na kula mfupa polepole. Haiumi, na haiponi kwa matone, bali kwa upasuaji.

Sikio likikauka, mpime usikivu. Tundu dogo hujifunga lenyewe kwa watoto wengi, ila kipindi kile anachosikia nusu ndicho anachojifunzia maneno. Akianza shule, mwalimu aambiwe sikio zima ni lipi, akae mbele huku sikio hilo likimwelekea mwalimu.

Baba ana miaka 74. Tulichanga tukamnunulia mashine mbili za kusikia za kuvaa nyuma ya sikio. Zinapiga filimbi, betri hazimalizi wiki, na sasa kazifungia kabatini. Anasema anasikia kelele tupu.
*Binti yake, Mombasa*

Hapa kuna matatizo matatu yaliyofungwa pamoja, na la mwisho ndilo zito.

Tuanze na filimbi. Mashine hulia pale sauti iliyokuzwa inapovuja kutoka sikioni ikarudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa tena. Washa mashine, ifumbate kiganjani: ikilia, ujue ina uhai na betri ipo. Sasa ziba kwa kidole tundu la ile sehemu inayoingia sikioni. Filimbi ikikoma, mashine ni nzima na uvujaji uko kati ya kipande hicho na sikio la baba: ama hakukiingiza vizuri, ama kimelegea kwa kuwa amepungua mwili, ama sikio limejaa nta na sauti inagonga ukuta na kurudi. Filimbi ikiendelea, tazama kibomba cha plastiki kama kimepasuka. Kikiwa kizima, kasoro iko ndani ya mashine, ipeleke kwa aliyeiuza. Nta ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu mashine huzuia nta kutoka yenyewe. Anayevaa anahitaji kuangaliwa masikio kila baada ya miezi michache.

Kibomba hicho hugeuka kigumu na cha manjano. Kibadilishwe kila miezi 3 hadi 6. Kipande cha sikioni huoshwa kwa kukichomoa kwanza kwenye mashine, kisha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kupuliza maji yatoke kwenye kibomba, na kukiacha kikauke usiku kucha. Mashine yenyewe haiguswi na maji. Baba akienda kutawadha azivue kwanza, aziweke kwenye mfuko mkavu wala si ukingoni mwa birika, na afute masikio vizuri kabla ya kuzirudisha. Tone moja la maji kwenye kibomba linatosha kukata sauti yote, na watu wakadhani mashine imekufa.

Betri hizi hufanya kazi kwa hewa. Ile stika ndiyo inayozuia hewa isiingie. Ukishaibandua betri imeanza kuliwa, na kuirudishia stika hakuokoi kitu. Bandua, iache wazi kama dakika 3 hadi 5, ndipo uitie. Ukiitia papo hapo haipati hewa ya kutosha, nguvu yake inakuwa hafifu, na mtu huitupa akidhani ni mbovu. Rangi ya stika inaonyesha saizi: manjano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Ya 312 hudumu siku 3 hadi 10, ya 13 kama wiki moja hadi mbili, kutegemea saa za kuvaa na nguvu ya mashine. Kwa hiyo "hazimalizi wiki" inaweza kuwa kawaida kabisa. Angalia tu tarehe ya mwisho kwenye pakiti, na zisikae mbele ya wajukuu. Betri ya kitufe ikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache.

Unyevu wa Pwani ni adui wa mashine hizi. Usiku fungua kijumba cha betri, weka mashine kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na chembe za silika, zile za kukausha zinazobadilika rangi zikishiba maji. Mchele tunauona ukitumika. Unaacha vumbi kwenye maikrofoni na hautoi unyevu wa maana.

Sasa "kelele tupu". Uziwi wa uzeeni huanza kula sauti nyembamba. Irabu ni nzito na zina nguvu, zinabaki. Konsonanti kama s, f, t na k zinapotea. Mzee atasikia kwamba umesema, asielewe ulichosema. Mwambie miadi ni saa sita, atakwenda saa tisa: i na a amezisikia, tofauti iliyobaki ni nani kati ya s na t aliyetangulia. Mashine iliyorekebishwa vyema hukuza zaidi pale palipopungua. Iliyonunuliwa bila kipimo hukuza vyote sawasawa, pamoja na feni, sufuria na pikipiki za nje, na hiyo ndiyo kelele anayoisema.

Swali letu kwako, binti: alipimwa? Kama yapo, tafuta majibu yake. Ni karatasi yenye mchoro; duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto, na jinsi mstari unavyoshuka ndivyo usikivu ulivyopungua. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, chini ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ni usikivu mzuri, 35 hadi 50 ni upungufu wa wastani, 65 hadi 80 ni mkubwa. Mashine hutegwa kufuata mchoro huo, sikio kwa sikio. Kama alinunuliwa kikuza sauti cha dukani au cha mtandaoni bila mchoro, mpelekeni akapimwe kabla hamjamlaumu kwa ukaidi. Kama alipimwa, rudini kwa mtaalamu wa usikivu zirekebishwe. Marekebisho ya wiki za mwanzo ni sehemu ya huduma mliyolipia, si hisani.

Zikirudi, asizivae kutwa siku ya kwanza. Aanze saa moja au mbili ndani ya nyumba tulivu, akizungumza na mtu mmoja. Aongeze kila siku. Msikitini, sokoni na harusini ni baadaye. Ubongo uliokaa miaka bila sauti ya kitasa na nyayo unahitaji wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kujua lipi la kulipuuza.

Na ninyi nyumbani mna kazi yenu. Mwite kwanza, mngoje ageuke, ndipo mseme. Kaeni kama mita moja mbele yake, mwanga ukiangukia uso wenu na si nyuma yenu. Zimeni televisheni. Msipige kelele: sauti ya kupaza hukuza irabu na kumeza konsonanti, tena sikio lenye upungufu huumizwa haraka na sauti kubwa. Asiposikia, geuza sentensi. Badala ya kurudia "saa sita" mara nne, sema "mchana, wakati wa adhuhuri". Na lile neno "basi, achana nalo", jamani, liacheni. Wazee wengi hujitenga kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya uziwi.

Nina mashine ya kusaga nafaka. Jioni masikio yanavuma, asubuhi yametulia. Ninaweka pamba. Inatosha?
*Msagaji, Morogoro*

Haitoshi, pamba huzuia sauti kidogo mno. Mvumo wa jioni ni onyo kwamba chembe za kusikia zimechoka, na kati ya hizo zipo zinazokufa bila wewe kujua. Kila sikio lina takriban 15,000, na hazioti tena.

Kipimo cha haraka: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pamefika au pamepita desibeli 85. Kiwango hicho kinavumilika saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100 ni robo saa.

Nunua vizibo vya sponji. Nawa unga mikononi, kisokote kiwe chembamba kabisa, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kiingize, kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Sauti yako mwenyewe ikianza kuvuma kichwani, kimekaa. Kikichungulia nje nusu nzima, hakijaingia. Vifunika sikio vya kuvaa kichwani vinafaa zaidi kwa anayevua na kuvaa kila mteja akija. Pia funga mashine juu ya mpira na kaza bolti. Sehemu ya kelele hiyo ni mtikisiko wa bati tu.

Ukiwahi kuugua, mwambie daktari kazi yako. Sindano za gentamicin na baadhi ya dawa za saratani hudhuru kusikia, na kwinini huleta mvumo ambao kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Usiache dozi kwa hofu; sema tu, ili uchaguzi ufanywe mkijua. Na mvumo ukiwa wa sikio moja tu, au ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, huenda hiyo haihusiani na mashine. Nenda ukapimwe.

Maswali mafupi

*Mdudu ameingia sikioni usiku, anapiga mabawa.* Muue kwanza. Lala ubavu, jaza mfereji kwa mafuta ya kula yasiyo ya moto, ngoja dakika kadhaa mpaka atulie. Akielea, mfute, asipotoka, nenda akatolewe asubuhi. Usimfuate na koleo akiwa hai, atachimba ndani. Mwenye kiwambo kilichotoboka asitie mafuta, aende moja kwa moja.

*Mtoto ametia harage sikioni.* Usitie maji, litavimba na kukwama. Usilichokonoe. Si dharura ya usiku, ila kesho yake aende. Kikiwa ni betri ya kitufe, hapo ndipo dharura: ondokeni saa hiyohiyo, bila tone lolote la kioevu.

*Mshumaa wa masikio wa mtandaoni.* Haunyonyi nta. Ile takataka inayobaki ndani ya mshumaa ni ya mshumaa wenyewe. Umeunguza watu nyuso na kudondosha nta ya moto kwenye viwambo.

*Nasafiri kwa ndege kutoka Muscat na nina mafua. Safari iliyopita sikio liliniuma mpaka kesho yake.* Taabu iko wakati wa kushuka, si wa kupaa. Kama safari haiahirishiki, tumia dawa ya kupuliza puani yenye xylometazoline nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza kushuka, na usiizidishe siku 5 kwa jumla, pua itazoea na kuziba zaidi. Mwenye presha aulize kwanza. Usilale ndege ikishuka; tafuna, meza mate, au bana pua ufunge mdomo upulize polepole mpaka usikie "tik". Rudia kila dakika chache kabla maumivu hayajaanza, kwa sababu mlango wa mrija unaounganisha sikio la kati na koo ukishabanwa haufunguki kwa kupuliza, na kupuliza kwa nguvu kunaweza kupasua kitu.

*Sikio linawasha sana, nilitumia matone ya antibayotiki yakazidisha.* Huenda ni fangasi, na matone hayo huwalisha kwa kuua bakteria waliokuwa wakishindana nao. Daktari akiona ukungu mweupe au vidoa vyeusi atausafisha kwanza, kisha clotrimazole ya asilimia 1, matone kwa wiki 2 hivi. Sikio lisiguswe na maji muda wote huo, na spika za masikioni uzifute au uzibadilishe vifuniko, la sivyo unajirudishia.